Mkondo wa pampu unasomeka vibaya: je, opampu ndiyo dawa?

Swali: "Ninatengeneza kifaa cha kufuatilia mkondo unaotoka kwenye betri ya volti 12 kwenda kwenye pampu ya maji. Pampu ikishatulia hula kama ampea 8, ila inapoanza huzidi hapo. Maikrokontrola yangu (chipu ya kompyuta ndogo) husoma volti tu, kuanzia 0 hadi 5, kwa biti 10. Nilisoma kwamba rezista hubadili mkondo kuwa volti, nikaweka ya omu 1 yenye uwezo wa wati 5. Pampu ikazubaa na rezista ikatoa moshi. Nikaiondoa, nikaweka nusu mita ya waya mwembamba wa shaba (milimita 0.5 za mraba), nikauviringisha na kuufunga kwa utepe. Mwanzoni usomaji ulilingana na mita ya kubana (ile inayosoma mkondo kwa kubana waya kwa nje), ila namba zinaruka kwa takriban 0.3 kila mara, na baada ya muda kifaa kinasema ampea 9.5 ilhali mita ya kubana bado inasema 8. Rafiki yangu ananiambia niachane na rezista, nitumie saketi ya opampu ya kubadili mkondo kuwa volti. Je, ndiyo dawa? Na baadaye nikitaka kupima umeme wa nyumbani, njia ni hiyohiyo?"

Nakushukuru kwa kuandika namba, maana namba zako zinaeleza karibu kila kilichotokea. Kinachokusumbua, nikikuelewa vizuri, ni kwamba umefuata kanuni sahihi mara mbili na mara zote mbili imekuangusha, sasa unajiuliza kama kosa liko kwenye kanuni yenyewe. Halipo. Rezista inakufaa kabisa, ila iwe ndogo mara mia kadhaa kuliko ile ya kwanza, iwe ya metali isiyojali joto, na iunganishwe kwa nyaya nne badala ya mbili. Opampu, yaani chipu ndogo ya kukuza volti, ikitumiwa kwa namna anayoisema rafiki yako haiwezi kazi hii. Umeme wa nyumbani una njia yake, na huo nitautenga, kwa sababu huko kosa dogo linaweza kuua mtu.

Turudi kwenye kanuni aliyoitangaza Georg Ohm mwaka 1827: volti zinazojitokeza kati ya ncha mbili za kipande cha metali ni sawa na mkondo unaopita humo mara ukinzani wake. Hata multimita yako, unapohamishia waya kwenye tundu la ampea 10, inafanya hivyohivyo. Ndani kuna kipande kinene cha metali chenye ukinzani mdogo sana, na mita inasoma volti zilizo kati ya ncha zake kisha inakuandikia ampea. Kwa hiyo wazo lako la kwanza ni lilelile lililomo ndani ya vifaa vya kununuliwa. Tatizo ni bei. Volti unazozisoma hazitoki hewani, zinakatwa kutoka kwenye saketi unayoipima. Mtoza ushuru anayechota konzi ya nafaka kwenye kila gunia ili ajue magunia mangapi yamepita hamdhuru mfanyabiashara. Akichota nusu gunia, biashara imekufa. Kabla ya kuuliza "nitumie saketi gani," jiulize kwanza: saketi yangu inaweza kupoteza volti ngapi bila kuumia? Mengine yote yanafuata hapo.

Sasa tazama omu 1 ilivyochota. Pampu inayokula ampea 8 kwa volti 12 ni kama ukinzani wa omu 1.5. Mota si rezista halisi, lakini kwa makadirio inatosha. Ulipoweka omu 1 mbele yake, jumla ikawa omu 2.5, na betri haikuweza kusukuma zaidi ya ampea 4.8. Kati ya volti 12, volti 4.8 ziliishia kwenye rezista na pampu ikaachiwa 7.2. Ndiyo maana ilizubaa. Joto nalo ni mkondo mara mkondo mara ukinzani: 4.8 × 4.8 × 1, yaani wati 23, kwenye rezista iliyotengenezwa kuvumilia wati 5. Moshi ulikuwa hauna budi kutoka.

Wengi wanaoanza kazi hii huchagua rezista kubwa kwa sababu wanataka volti nyingi za kusoma, kwa imani kwamba volti nyingi ni usahihi mwingi. Kwa mikondo mikubwa mambo ni kinyume. Unachota kidogo iwezekanavyo, halafu unakikuza hicho kidogo kwa uangalifu. Vipande vinavyouzwa kwa kazi hii, ambavyo mafundi huviita shanti, vimetengenezwa hivyo: vingi hutoa milivolti 50, 60, 75 au 100 tu mkondo unapofika kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Shanti iliyoandikwa ampea 50 na milivolti 75 ina ukinzani wa miliomu 1.5. Kwa pampu yako ya ampea 8 itakula milivolti 12, na joto lake halifiki hata sehemu moja ya kumi ya wati. Pampu haitajua kwamba kuna kitu njiani.

Kwa nini ampea 50 wakati pampu inakula 8? Kwa sababu ya ule mwanzo. Mota iliyosimama, kabla haijaanza kuzunguka, haina volti zake za kupinga zile za betri, hivyo kwa muda mfupi hunywa mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida. Ampea 30 au 40 hazitanishangaza. Tena watengenezaji wengi hushauri shanti isibebeshwe zaidi ya theluthi mbili ya kiwango chake kwa muda mrefu, kwa hiyo nafasi hiyo ya ziada si ubadhirifu.

Tuje kwenye waya wako wa shaba, ambao mimi nauona ndiyo sehemu yenye somo kubwa kuliko zote. Nusu mita ya shaba ya milimita 0.5 za mraba ina ukinzani wa kama miliomu 17. Kwa ampea 8 inatoa milivolti 138 hivi, kiasi cha kusomeka, na mwanzoni ililingana na mita ya kubana kama ulivyosema. Lakini shaba ina tabia moja: ukinzani wake hupanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kifaa chako kilipanda kutoka 8 hadi 9.5, yaani karibu asilimia 19. Gawanya kwa 0.39 utapata nyuzi 48. Mkondo haukubadilika. Waya ndio uliopata joto la nyuzi karibu 50 juu ya lile ulilokuwa nalo ulipoulinganisha, na kifaa chako kikawa kinapima joto hilo bila wewe kujua. Uliuviringisha na kuufunga kwa utepe, wati moja na ushee ikakosa pa kutokea, ikabaki humo ndani ikiuchemsha. Ungeunyoosha hewani tatizo lingepungua, ila lisingeisha.

Hapo ndipo ilipo kazi ya manganini. Ni mchanganyiko wa shaba kwa wingi, manganizi kama asilimia 12, na nikeli kidogo, uliobuniwa na Edward Weston mwaka 1892. Katika joto la kawaida la kazi, ukinzani wake hubadilika kwa sehemu chache tu za laki kwa kila nyuzi moja. Kwa nyuzi zile 50, shaba ilikukosesha karibu asilimia 20. Manganini ingekukosesha pengine sehemu moja ya kumi ya asilimia moja. Konstantani nayo inavumilia joto vizuri, na utaisikia ikitajwa, lakini inapogusana na shaba huzalisha volti zake yenyewe, kama maikrovolti 40 kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kati ya kiungo kimoja na kingine. Kwenye shanti ya miliomu 1.5, maikrovolti 40 ni sawa na miliampea 27 za uongo. Manganini ikigusana na shaba huzalisha kidogo mno. Kwa hiyo ukinunua shanti, ulizia ni ya metali gani, na anayekuuzia akishindwa kujibu, tafuta nyingine.

Na kule kuruka kwa 0.3? Huko hakuna fumbo. Biti 10 ni hatua 1024. Volti 5 ukizigawa kwa hatua hizo, kila hatua ni milivolti 4.9. Waya wako ulitoa milivolti 17 kwa kila ampea, kwa hiyo hatua moja ni ampea 0.28. Kifaa hakiwezi kusema 8.1, kinaruka kutoka ngazi moja hadi nyingine. Juu ya hapo mota yenye brashi hutoa kelele nyingi za umeme, na kelele hizo zinakusukuma huku na huko kati ya ngazi mbili. Sasa fikiria shanti ya milivolti 12 kwa ampea 8 ukiiunganisha moja kwa moja: ungepata ngazi mbili tu, kisha basi. Ndiyo maana shanti ndogo lazima iambatane na kikuzaji.

Kabla sijafika kwenye kikuzaji, nyaya nne. Hapa watu wengi hupoteza usahihi wote walioulipia. Skrubu, kishikizo cha waya, lehemu ya risasi, kila kimoja kina ukinzani wake, na nusu ya miliomu kwenye kiungo kisichokazwa vizuri ni jambo la kawaida. Shanti yako ni miliomu 1.5. Ukisomea volti kwenye skrubu kubwa zilezile zinazopitisha mkondo, hiyo nusu miliomu inaingia kwenye hesabu na unakosea kwa theluthi nzima. Zaidi ya hayo, kosa hilo hubadilika kila unapokaza skrubu au kutu inapoingia, hivyo huwezi hata kulifuta kwa hesabu. Dawa yake inajulikana tangu enzi za William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin: mkondo mkubwa upite kwenye skrubu mbili za nje, na volti zisomwe kwa nyaya nyingine mbili nyembamba zilizofungwa kwenye skrubu ndogo za ndani, juu ya metali yenyewe ya kupimia. Nyaya hizo za kusomea hazibebi mkondo wa maana, kwa hiyo ukinzani wa viungo vyake hauli kitu. Shanti nyingi za skrubu huja na skrubu hizo ndogo tayari. Zitumie, na usishawishike kupanua tundu la skrubu kubwa ili nyaya zote zikae pamoja. Nyaya hizo mbili uzisokote pamoja hadi kwenye kifaa, kelele za mota zitapungua sana.

Sasa opampu ya rafiki yako. Saketi anayoizungumzia ni ya kweli na ni nzuri sana, tena mimi naipenda, lakini imezaliwa kwa ajili ya ulimwengu mwingine. Inafanya kazi hivi: mkondo unaotaka kuupima unaingizwa kwenye mguu wa hasi wa opampu, na rezista moja inaunganisha mguu huo na tokeo lake. Opampu hujitahidi kwa kila hali kuushikilia mguu huo kwenye volti sifuri. Mkondo hauwezi kuingia ndani ya opampu, kwa hiyo hauna pa kupita isipokuwa kwenye rezista ile, na opampu inalazimika kushusha volti za tokeo lake hadi mkondo wote upite. Volti hizo za tokeo, zikiwa na alama ya kutoa, ni mkondo mara rezista. Uzuri wake ni huu: chanzo cha mkondo hakioni volti zozote. Unapata volti za kusoma bila kuchota chochote kwenye saketi unayoipima.

Ni dawa ya mikondo midogo mno, kama ya dayodi ya kuhisi mwanga, ile inayotoa mkondo kidogo inapomulikwa. Maikroampea 1 kwenye rezista ya megaomu 1 inakupa volti 1 kamili. Ungetumia rezista peke yake bila opampu, volti hiyo ingeirudia dayodi yenyewe, na kabla haijafika hapo dayodi ingeanza kupitisha umeme kwa mbele na usomaji ungepinda. Halafu waya wenye kapasitansi (tabia ya kuhifadhi chaji) ndogo tu ya pikofaradi 100 ungeichelewesha ishara kwa maikrosekunde 100. Opampu inaondoa yote mawili, ingawa mara nyingi huhitaji kapasita ndogo sambamba na rezista yake ili isianze kutetemeka yenyewe. Lakini umeona mkondo unapita wapi? Wote unapita kwenye tokeo la opampu. Opampu ya kawaida inaweza kutoa au kupokea miliampea makumi machache. Wewe una ampea 8, na wakati wa kuanza pengine 40. Chipu itakufa kabla hujaondoa kidole kwenye swichi.

Hata hivyo rafiki yako ameugusa ukweli nusu, kwa sababu kikuzaji unakihitaji, ila cha namna nyingine. Unahitaji kikuzaji cha tofauti: kinachotazama volti za ncha moja ya shanti, kinaondoa humo volti za ncha ya pili, na kukuza kile kilichobaki. Ukikuza mara 50, milivolti 75 za juu kabisa zinakuwa volti 3.75, ambazo zinaingia vizuri kwenye 0 hadi 5. Kila ampea inakuwa milivolti 75, na hatua moja ya kifaa chako ni ampea 0.065. Hayo ni maendeleo makubwa kutoka 0.28.

Ila usichukue opampu yoyote iliyo mezani. Kila opampu ina kosa dogo la asili: ukiipa sifuri haitoi sifuri hasa. Aina za bei nafuu kama LM358 zinaweza kukosea kwa milivolti 2 au 3 kwenye ingizo. Kwenye rezista kubwa hilo si neno. Kwenye miliomu 1.5, milivolti 2 ni ampea 1.3 za uongo, na hubadilikabadilika na joto. Kile ulichookoa kwa kuchota kidogo unatakiwa kukilipa kwa kikuzaji kilicho bora. Hakuna njia ya mkato hapo.

Kwa hali yako mimi ningetumia chipu iliyotengenezwa mahsusi kwa shanti. Mojawapo ni INA226: inasoma hadi milivolti 81.92 kati ya ncha za shanti kwa hatua za maikrovolti 2.5, inastahimili volti 36 kwenye miguu yake ya kusomea, na inatuma namba kwa nyaya mbili za mawasiliano, kwa hiyo biti 10 za maikrokontrola yako hazihusiki tena. Kwenye shanti ya miliomu 1.5, hatua yake moja ni miliampea 1.7. Inauzwa ikiwa tayari kwenye kibao kidogo, na hapo kuna mtego. Vibao vingi huja na rezista yake tayari, mara nyingi ya omu 0.1, imeandikwa R100. Hiyo lazima uitoe kabla ya kuunganisha shanti ya nje. Ukiiacha, itakaa sambamba na shanti yako, itapitisha mkondo wake kwenye nyaya nyembamba za kusomea, na faida ya nyaya nne itapungua bila wewe kuona dalili yoyote.

Shanti iwekwe wapi? Unaweza kuiweka upande wa hasi, kati ya pampu na hasi ya betri. Hapo volti za kusoma ziko karibu na sifuri na vikuzaji rahisi vinatosha. Ubaya wake ni kwamba hasi ya pampu haitakuwa tena sawa na hasi ya betri, na kama mwili wa pampu unagusa chuma kilichounganishwa na betri, sehemu ya mkondo itapita huko na kifaa hakitaiona. Upande wa chanya hauna matatizo hayo, na hata waya wa pampu ukichubuka na kugusa chuma utaona mkondo ukiruka. Lakini ncha zote mbili za shanti ziko kwenye volti 12 wakati huo, na mguu wa maikrokontrola ukiguswa na volti 12 umekwisha. Chipu niliyoitaja imeundwa kukaa hapo, kwa hiyo ningeiweka upande wa chanya. Usisahau dayodi (kipande kinachopitisha mkondo upande mmoja tu) iliyogeuzwa kwenye ncha za mota, kwa kuwa mota inapozimwa huachia mchomo wa volti unaoweza kupita hizo 36 kwa mbali.

Kuna njia nyepesi zaidi ambayo sitaki nikufiche: kihisi cha Hall, kinachotumia jambo aliloligundua Edwin Hall mwaka 1879, kwamba sumaku husukuma mkondo pembeni ndani ya kipande chembamba cha metali na kuzalisha volti ndogo. Mkondo wako unapita kwenye njia ya shaba ndani ya chipu, chipu inasoma usumaku wake, na pande mbili hazigusani kwa umeme. ACS712 ya ampea 30, kwa mfano, ina ukinzani wa miliomu 1.2 tu na hutoa milivolti 66 kwa kila ampea, ikianzia volti 2.5 pale mkondo ulipo sifuri. Unaweza kuisoma moja kwa moja kwa biti zako 10. Udhaifu wake ni kelele, sifuri inayohama na joto, na kuathiriwa na sumaku za jirani, nawe una mota pembeni yake. Mkondo wa kuanzia ukipita ampea 30, hakitausoma wote.

Uchague ipi? Inategemea unataka kujua nini. Kama ni kujua tu kwamba pampu inazunguka, imekwama, au inazunguka bila maji, kihisi cha Hall kinatosha, na ningekushauri uishie hapo. Kama unataka kuhesabu umeme uliotoka kwenye betri siku hadi siku, nenda kwenye shanti na chipu nzuri, kwa sababu makosa ya sifuri hujumlika. Kosa la ampea 0.1 linaonekana dogo, lakini kwa saa 24 ni ampea-saa 2.4 ambazo hazikuwahi kutoka, na baada ya siku 10 hesabu ya betri imekuwa hadithi.

Kuhusu umeme wa nyumbani, jibu ni hapana, njia si hiyohiyo. Shanti imeunganishwa kwa shaba na saketi inayopimwa. Ukiiweka kwenye waya wa moto, basi maikrokontrola yako, waya wa kompyuta uliouchomeka humo, na mkono wako ulioshika hiyo kompyuta, vyote vimeunganishwa na umeme wa nyumba. Tumia transfoma ya mkondo ya kubana, ile inayobanwa kuuzunguka waya bila kuukata. Aina ya ampea 100 kwa miliampea 50 ina uwiano wa 2000 kwa 1. Kwa kifaa cha volti 5, rezista ya omu 33 kwenye matokeo yake inatoa kilele cha volti 2.3 juu na chini kwa ampea 100, kwa hiyo unaiinua katikati, kwenye volti 2.5, na wimbi zima linasomeka. Upande wa waya mkuu rezista hiyo inaonekana kama maikroomu 8 tu, kwa kuwa hugawanywa kwa uwiano mara uwiano. Ni uchotaji mdogo wa ajabu. Ila kwa vifaa vidogo vya nusu ampea utapata milivolti 8 tu, hivyo chagua transfoma ya kiwango kidogo zaidi kama huna mizigo mikubwa.

Ibane kwenye waya mmoja. Ukibana waya wa moto na wa nyutro pamoja, usumaku wao unafutana na utasoma sifuri. Na usiiache kamwe bila rezista ikiwa imebana waya wenye mkondo: itajaribu kuusukuma mkondo wake pasipo na njia, na volti zitapanda hadi kiwango cha hatari. Zile kubwa za kwenye mbao za umeme zinaweza kufikisha maelfu ya volti. Funga rezista kwanza, ndipo ubane. Aina fulani zina rezista ndani na hutoa volti moja kwa moja. Hizo usiziongezee nyingine. Tena transfoma haisomi mkondo mnyoofu, yaani usiogeuka mwelekeo, kwa hiyo usifikiri itakufaa kwa betri.

Kubana waya ulio ndani ya ubao wa umeme maana yake ni kufungua ubao huo. Hiyo kazi mwite fundi umeme mwenye leseni, akufungie transfoma na kukutolea nyaya zake mbili nje. Wewe endelea kuanzia hapo. Sisemi hivyo kwa kukudharau. Hata swichi kuu ikiwa imezimwa, nyaya zinazoingia kabla yake bado zina umeme. Mwite mtu pia, aje aone kwa macho, kama betri yako inavimba, inatoa harufu, au kama waya wowote wa pampu unakuwa wa moto usioshikika baada ya shanti kuwekwa. Hayo si matatizo ya upimaji tena.

Na upande wa betri, usidanganyike na udogo wa volti 12. Betri ya asidi na risasi inaweza kumwaga mamia ya ampea kwenye mguso mmoja wa bahati mbaya. Vua pete na saa ya chuma. Weka fyuzi ya pampu karibu na chanya ya betri, kabla ya shanti, na fyuzi nyingine ndogo kwenye kila waya mwembamba wa kusomea pale unapotokea, kwa sababu waya huo ukichubuka utakuwa umeunganishwa moja kwa moja na betri.

Ukishafunga shanti, usikimbilie kibao. Washa pampu, weka multimita kwenye milivolti, gusa zile skrubu ndogo mbili. Mita ya kubana ikisema ampea 8, multimita iseme milivolti 12 au karibu sana na hapo, ukikumbuka kwamba mita ya kubana yenyewe kwa mkondo mnyoofu inaweza kukosea kwa asilimia 2 au 3 na inapaswa kusawazishwa sifuri kabla ya kila kipimo. Iache pampu izunguke nusu saa, gusa tena. Namba zikiwa zilezile, unganisha INA226, zima pampu, andika kile inachosoma kwenye sifuri na ukitoe kwenye kila usomaji. Zikiwa zimepanda, ama shanti uliyouziwa si ya manganini, ama nyaya za kusomea hazikukaa kwenye skrubu zake, na hilo litafute kabla ya kuandika mstari wowote wa programu.